Neno la Shangazi Kutoka Kitangari

Kitangari, Newala
Novemba

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Ninaandika nikiwa nimekalia kinu kilichopinduliwa, hapa barazani kwa Bi Somoe, mama mwenye nyumba wangu. Kwa hiyo ukiona mistari imepinda usikimbilie kalamu nyekundu, Mwalimu. Kosa ni la kinu. Nakuuliza kwanza hali yako na ule mguu, kama bado unakusumbua asubuhi, na kama Mama amepona kifua. Mvua zimefika huko Muleba? Ninakula ugali wa muhogo na kisamvu, nimenenepa, lakini ndizi za kwetu nazikumbuka mpaka naona aibu.

Mimi ni mzima kabisa. Barua yako niliipata kwa mkono wa Bwana Ustawi, yule afisa ustawi wa jamii wa wilaya anayenisimamia katika mafunzo haya ya vitendo, ambayo sisi wanafunzi tunayaita fildi. Niliisoma njiani, nikaisoma tena nilipofika nyumbani. Unasema Krismasi ikipita ukoo utakaa kikao juu ya nyumba ya marehemu kaka Deo. Baba mdogo Anatoli anataka kibanja, shamba lile la migomba na kahawa, kirudi mikononi mwa ukoo, watoto wagawanywe kwa baba zao wadogo, na mjane wake, Mama Jovin, arudi kwao Kiziba. Unasema Mama Jovin ameshasikia, amefunga nguo zake kwenye sanduku lake la bati na kuliweka karibu na mlango, na kila ukipita pale unaliona na hujui umwambie nini.

Baba, nami sikujua nikujibu nini. Jibu nimelipata huku, tena kwa njia ya kuchekesha. Naomba unisikilize kwanza habari za huku, halafu nitasema neno langu.

Safari unaijua, nilikuandikia: kivuko cha Rufiji, matope, basi kulala porini. Masasi ni mji wa biashara chini ya majabali makubwa, na msimu huu umejaa malori. Siku hizi soko la korosho ni huria, kila mnunuzi anakuja na mzani wake, na watu wanapita kwa mmoja na mwingine wakinong'ona. Ukitoka Masasi unapanda mpaka huku juu, ambako ardhi ni nzuri na hewa ni safi, ila maji hakuna. Wenye mabati huvuna ya mvua. Wengine huteremka bondeni na ndoo, na kupanda nazo kichwani. Wiki ya kwanza nilijitia kimbelembele nikaenda na wanawake bondeni, ili niandike kwenye ripoti kwamba nimeshiriki shughuli za jamii. Nilirudi na ndoo nusu na shingo isiyogeuka. Bi Somoe alisema kwao mgeni akileta ndoo nusu, maji hayo hunyweshwa kuku, maana kwa watu hayatoshi. Tangu hapo nafanya kazi na kina mama wa pale shuleni wanaojenga tangi la kuvunia maji, nachekecha mchanga, na hakuna anayenicheka sana.

Sasa niingie kwenye habari yenyewe. Mwalimu mkuu alituambia kwamba kuna mwanafunzi wa darasa la sita, Zaituni, ambaye ameacha shule tangu baba yake afariki. Bwana Ustawi akasema hilo ni langu, nilishughulikie mwanzo hadi mwisho. Nikaenda. Nikamkuta mama yake anaanika korosho uani. Ni mwanamke mpole, mwembamba, hasemi mengi. Alinieleza kwamba mtoto ndiye anayeteka maji, kwa sababu yeye peke yake hawezi korosho na maji kwa pamoja.

Baba, niliposikia "peke yangu", sikumwona tena yule mama. Nilimwona Mama Jovin na sanduku lake. Sikuuliza zaidi. Nikaamua moyoni kwamba ndugu wa mume wamemtelekeza, na kwamba muda si mrefu watakuja kuchukua mikorosho na watoto. Nikauliza tu yuko wapi ndugu wa marehemu. Nikaambiwa mdogo wake, Bakari, anakaa Chiungutwa, huko chini upande wa Masasi. Nikadandia lori la korosho, nikakodi baiskeli, nikamfuata. Nilimpa wito wa kuja kikaoni kwa uso mkavu ambao ungeupenda, maana niliuiga kwako wakati wa ukaguzi wa shule.

Siku ya kikao nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Bakari akaja anasukuma baiskeli, amefunga gunia la makopa, muhogo uliokaushwa, na kuku wa kuchinja. Nikajisemea, analeta hongo. Tukakaa: mimi, Mama Zaituni, Bi Somoe aliyekuja kunisindikiza, na huyo bwana. Nikaanza kumweleza kwamba mjane ana haki zake, kwamba serikali haitavumilia mtu kumfukuza mama kwenye nyumba ya watoto wake, na mengine mengi niliyoyapata darasani. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Ni mtu mwenye adabu. Kisha akamgeukia Mama Zaituni.

"Shemeji, kuna mtu kakunyang'anya kitu?"

Akajibu hakuna.

"Sasa nani anataka kukufukuza kwenu?"

Mama Zaituni akaniangalia mimi. Bi Somoe alicheka mpaka akashika nguzo ya nyumba. Bakari alikuwa amedhani ameitwa kwa sababu watoto wana njaa, ndiyo maana alileta makopa na kuku.

Nilikuwa sijui jambo ambalo kila mtoto wa hapa analijua. Huku watoto ni wa upande wa mama. Mume ndiye aliyehamia kwao mke, akajenga hapo, na mikorosho ile iko kwenye ardhi ya ukoo wa mama. Bakari hapa ni mgeni wa heshima, hana neno juu ya watoto hao. Mwenye neno ni mjomba wao. Nami nilikuwa nimekwenda kupigana na mtu asiye na silaha, wala asiye na ugomvi.

Ubaya haukuishia hapo. Mjomba mwenyewe, Mzee Hamisi, kaka mkubwa wa Mama Zaituni, anakaa mwisho wa kijiji hikihiki, na sikuwa nimemwita. Jioni ile alipata habari kwamba shemeji kutoka Chiungutwa ameketishwa kujadili watoto wa dada yake. Akachukia. Akasema hataki kusikia habari ya shule wala ya maji mpaka huyo binti wa serikali aje mwenyewe. Nikaenda na Bi Somoe. Mzee alituacha tumekaa huku anatengeneza mnyororo wa baiskeli, hana haraka. Nikamwomba radhi. Nilisema natoka mbali, kwetu tunawaita ndugu wa baba, na sikukusudia kumdharau.

Alifuta mikono kwa kitambaa. "Mmemkaribisha jirani ndani," alisema, "mwenye nyumba mmemwacha uani."

Baada ya hapo mambo yalikwenda upesi. Kumbe hakuwa na habari kwamba mtoto ameacha shule. Dada yake alikuwa anaona haya kumwomba, kwa kuwa kaka yake alishamsaidia sana wakati wa msiba. Mzee Hamisi alimwita, akamgombeza kidogo, kisha akapanga zamu ya maji kati ya wanawe na mkewe. Jumatatu Zaituni alirudi darasani. Mwalimu mkuu ananisifu, nami namwacha anisifu. Bila kwenda mlango kwa mlango tungemkosa yule mtoto, hilo najua. Lakini nilipita mlango usio wenyewe, na hilo pia nimeliandika kwenye ripoti. Bwana Ustawi aliisoma akitabasamu, akasema Wahaya tumezoea kujua kila kitu kabla ya kufika.

Sasa, Baba, fika nami hapa. Juzi nilikwenda kumsaidia Mama Zaituni kuokota korosho. Mabibo, yale matunda yanayobeba korosho, yalikuwa yamezagaa chini na nyuki wake. Akaniuliza taratibu kwa nini siku ile nilimkalia kooni shemeji yake, mtu mwema vile. Nikamweleza habari za kaka Deo, jinsi alivyougua ule ugonjwa uliofunga milango mingi kwetu, jinsi Mama Jovin alivyomwogesha na kumlisha mpaka mwisho, na jinsi ukoo unavyotaka kukaa sasa.

Akauliza, "Mama yao ataenda wapi?"

"Atarudi kwao."

"Na watoto?"

"Watabaki kwetu."

Aliweka kikapu chini. "Basi kwenu akifa baba," alisema, "watoto wanafiwa na wote wawili."

Niliumia, Baba, na kwa sababu niliumia nilianza kututetea. Nilimwambia kibanja ni makaburi ya wazee wetu, kwamba mjane akiolewa na mtu mwingine ardhi ya ukoo itakwenda kwa wageni. Aliitikia kwa kichwa, kwa heshima tu, kama unavyomwitikia mtoto anayesoma kitabu amekishika juu chini. Wala sisemi kwamba huku ni peponi. Bakari aliniambia siku ile, tulipokuwa tunamla kuku wake, kwamba yeye ana watoto wanne anaowalisha, na siku ya neno kubwa juu yao atakayeulizwa ni mjomba wao, na kwamba jambo hilo linamkereketa. Nimeona kwamba kila desturi ina mtu wake wa kumwacha nje ya mlango. Huku ni baba, kwetu ni mama. Wala sioni kwa nini anayeachwa nje asihurumiwe, awe wa kabila gani.

Hili ndilo neno langu, na naomba ulisome mbele ya ukoo, kwa kuwa ripoti za chuo zinanibana na sitaweza kufika. Kwetu dada wa marehemu ana neno, nawe ndiye uliyenifundisha hivyo. Mimi ndiye shangazi wa watoto hao. Nasema watoto wa Deo wasigawanywe. Nasema Mama Jovin abaki nao kwenye nyumba ileile, apalilie migomba ileile, achume kahawa ileile, mpaka wakue. Kama ukoo unaogopa ardhi kwenda kwa wageni, basi uweke msimamizi juu ya ardhi. Msimamizi huyo asiwekwe juu ya mama.

Na kama baba mdogo Anatoli ataendelea kukataa, nina neno la pili, na hilo halihitaji kikao. Kile kipande cha karibu na chemchemi ulichokinunua kwa mafao yako ya ualimu si cha ukoo, na Anatoli hana la kusema juu yake. Uliniahidi utaniandikia mimi nitakapomaliza masomo. Baba, mpe Mama Jovin. Andika jina lake mbele ya mashahidi, ajenge hapo, alale na wanawe. Sitaki kukudanganya kwamba halinigusi. Nilikuwa nimeshajua mlango wangu utaangalia wapi, na nilikuwa nimeshauchagua mti wa kivuli. Nimelala na jambo hili nikaamka nalo, na limebaki vilevile. Nimekuja mpaka huku Newala kumtetea mjane ambaye hakufukuzwa na mtu. Nitakosaje kuona haya nikimwacha yule anayefukuzwa na sisi?

Najua wewe ni mpole na hupendi kugombana na mdogo wako. Wala usigombane naye. Soma tu, kwa sauti ile ya darasani. Wote waliokaa pale ulishawafundisha kusoma.

Nisalimie Mama, mwambie kitenge cha rangi ya korosho mbichi nimemnunulia Masasi. Bibi mzaa baba mpe shikamoo yangu, mwambie huku kuna viazi pori viitwavyo ming'oko, na kwamba hata yeye bila meno angevimaliza. Baba mdogo Anatoli naye mpe shikamoo yangu, ya dhati. Alinibeba mgongoni nilipokuwa na surua na sijasahau. Jovin na mdogo wake Kemi wabusu, waambie shangazi anajifunza kubeba ndoo. Bi Somoe, ambaye hakujui, anakusalimu sana na anasema umezaa mtoto mwenye mdomo.

Mama Jovin usimtumie salamu kwa mtu. Nenda mwenyewe, na mguu wako hivyo hivyo, ukifika mlangoni umsaidie kulirudisha lile sanduku chumbani.

Ni mimi binti yako,
Kokutona