Sifuri Tulizompa Yarelis

Kissimmee, Florida
Jumapili, 8 Juni

Mpendwa dada Zoraida,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Wilfredo. Natumaini barua hii itawakuta salama hapo Yauco, wewe na shemeji Efraín, na kwamba umeme hamkatiwi sana siku hizi. Mgongo wako je? Bado unaupaka ile dawa ya kafuri? Sisi kwa rehema za Mungu tunapumua. Goti la Wilfredo humsumbua mvua zikikaribia, na zimekaribia, kwa hiyo nyumba nzima inasikia habari za goti. Shule zimefungwa, jikoni pa shule pamefungwa, nimebaki na sufuria zangu mwenyewe.

Najua umeshangaa kupata barua. Mara mbili nimekupigia simu neno hili likiwa mdomoni, na mara zote mbili nimeishia kukuuliza habari za kuku. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza, na mimi siwezi kukimbia.

Neno lenyewe ni Yarelis. Dada, mtoto wako hakumjibu vibaya mgeni yeyote. Hayo uliyoyasikia kwa binamu Carmín, kwamba ameondolewa kwenye mashua za ile Bustani ya michezo anakofanya kazi kwa sababu ya wageni, nusu yake ni kweli, na hiyo nusu ya kweli ni kosa langu mimi. Siku ile ulipompigia ukamwambia hukumlea awe na mdomo mchafu, alikuwa amekaa mezani kwangu. Sauti yako niliisikia. Alisema tu, "Sawa, Mami, nimesikia," akaweka simu chini, akaendelea kuchambua mbaazi. Nami nikanyamaza. Nimeanza na hili ili hata ukiichana barua hapa, liwe limeshaingia.

Sasa nikueleze ilivyokuwa.

Unajua nilivyo na ile Bustani. Wewe mwenyewe ulikuwa ukinicheka, mwanamke mzima mwenye rozari kwenye pochi na kofia ya kasuku kichwani. Mimi na Wilfredo hukata kadi ya mwaka hata kabla ya kufikiria matairi ya gari. Mungu hakutupa watoto, basi pale ndipo tunapokwenda kuwatazama watoto wa watu wakifurahi. Yarelis alikuwa mdogo mlipomleta likizo, akalia alipotolewa kwenye mashua, nami nikalia naye. Alipokuwa mkubwa akaja kuomba kazi palepale, ukaniambia, "Nakuachia wewe, mama yake wa ubatizo." Nikasema nitamtunza. Nilisema hivyo.

Lakini wameiharibu, dada. Sijui ni nani aliye juu huko, hatumwoni, tunaona kazi zake tu. Mabenchi ya kivulini wameyaondoa, ili ukichoka ukaingie mkahawani ununue kitu. Fataki zilikuwa za kila mwenye macho. Leo pale panapoonekana vizuri pamezungushwa kamba, ni pa waliolipia kukaa wakila keki. Foleni nayo wameiuza: wewe unasimama na jua lako, mwenye njia ya mkato anakupita akilamba barafu, tena anakuambia samahani. Na ile safari yetu ya mashua imeachwa kama nyumba ya marehemu asiye na warithi. Kasuku mkubwa wa mashine anayekaribisha watu mdomo umemkwama wazi tangu kabla ya Kwaresima. Anaimba hivyo hivyo, kama mtu aliyekalishwa kwa daktari wa meno. Watoto wanamwogopa.

Sisi wapenzi wa Bustani tuna kikundi chetu. Baada ya misa tunakutana kwenye duka la mikate, tunakunywa kahawa na kulalamika. Kiongozi wetu ni Don Hiram, dereva wa basi mstaafu, mtu anayejua kila msumari wa pale kuliko waliougongelea. Tulikuwa tumeshaandika barua za heshima, tukajibiwa na mashine ikitushukuru kwa mapenzi yetu. Basi Jumapili moja Don Hiram akapiga meza.

"Barua hawasomi hao. Wanasoma namba! Yale maswali wanayotutumia kwenye simu tukitoka, toka sifuri mpaka kumi, tuwapeni sifuri. Zote. Bila huruma."

"Na vyoo je?" Wilfredo akauliza. "Mbona vyoo ni visafi?"

"Sifuri!"

"Aa, Don, choo kimekosa nini?"

"Wilfredo, hebu tuambie uko upande gani, wetu au wa choo?"

Tulicheka mpaka kahawa ikanipalia. Ndivyo tulivyolifanya jambo lile, kwa kucheka.

Sasa, mwishoni mwa maswali yale kuna mahali pa kuandika jina la mfanyakazi aliyekuhudumia. Nilipofika hapo moyo ukanisuta, kwamba hasira zetu ni za wakubwa, si za vijana wanaounguzwa na jua. Nikaona nimtenge mtoto wangu na balaa hili. Juu nikaweka sifuri, chini nikaandika: Yarelis wa kwenye mashua, mtoto wa dhahabu, Mungu amzidishie. Nikalala kama mtu aliyetenda haki. Kumbe karibu kila mmoja kikundini amewaza vivyo hivyo! Yarelis ndiye mtoto wa wote, hakuna asiyemjua kwa jina. Don Hiram mwenyewe alimwandikia maneno matamu ambayo sidhani kama mkewe amewahi kuyasikia.

Hatukujua mashine yao inavyofanya kazi. Sifa haizihesabu. Inachukua jina, inachukua namba, inavifunga pamoja. Kwa kadiri tulivyompenda ndivyo tulivyomzika.

Unajua alikuwa akingoja ajira ya kudumu, ile yenye bima ya afya, na alikuwa ameshafika mlangoni kabisa. Msimamizi wake akamwita, akamwambia upande wote ule wa Bustani hakuna mwenye alama za chini kama zake. Ajira ikasogezwa mpaka Septemba, wamtazame kwanza. Sare ya mashua ikarudishwa stoo, akapewa kizibao cha rangi ya chungwa na kijibendera, akaongoze magari kwenye maegesho. Na pumu yake ile, dada. Kwenye moshi na lami.

Jioni hiyo alikuja jikoni akaegemea friji.

"Mama Mdogo, wamenisomea niliyoandikiwa. Sifuri, halafu kipenzi chetu. Sifuri, halafu Mungu amzidishie. Ni kama mtu anakubusu huku anakukanyaga mguu."

Nikasema labda ni watu wasiojua kutumia simu.

"Labda." Akanitazama, wala hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. "Na mtoto wa dhahabu je? Hapa duniani nani mwingine ananiita mtoto wa dhahabu?"

Nikafungua bomba nikaosha sahani iliyokuwa safi. Nikiwa nimempa mgongo, nikamweleza yote, kikundi, meza, kicheko.

"Hata Don Hiram?"

"Hata Don Hiram."

"Yule mzee kanipa sifuri? Na kila siku namwekea kiti cha mbele!" Akacheka, kisha kicheko kikageuka kilio, akaenda chumbani.

Ilikuwa baada ya hapo ndipo ulipopiga simu. Alikuwa anajua kila kitu, angeweza kukuambia kwa neno moja, "Muulize huyo aliye mbele yangu." Hakusema. Alinifunika. Nami nikakubali kufunikwa na mtoto niliyeahidi kumtunza. Tangu hapo anasema humpigii, nawe najua unasema yeye hakupigii.

Usidhani nilikaa tu. Nilikwenda na Don Hiram kwenye ofisi ya wageni, yeye kavaa tai ya harusini kwake. Binti wa pale alitabasamu tangu tulipoingia mpaka tulipotoka. Alituambia alama zikishaingia hazitoki. Don Hiram akasema, basi tuite mwenye mashine. Akajibiwa kwamba mwenye mashine hapokei wageni, ila tunakaribishwa kutembelea Bustani tena na kujibu maswali upya.

Ndani ya gari nikamwambia, "Don, tuwape kumi. Kila kitu kumi, na jina lake chini."

"Tukiwapa kumi watasema tumefurahi, kesho wang'oe na vyoo."

"Ni kwa ajili ya mtoto."

"Najua ni kwa ajili ya mtoto! Unafikiri nimekasirikia nini?"

Akapangusa macho kwa ile tai. Mimi nilikuwa na langu jingine, Zoraida. Sifuri ile ilikuwa uongo, maana vyoo kweli ni visafi. Kumi nayo ingekuwa uongo. Nilikwenda kuungama, Padre akaniuliza kama nimeshamwambia mama wa mtoto. Nikasema bado.

Jana nikasema liwalo na liwe, naenda kuwapa kumi zao. Tulipoingia maegesho, nani amesimama pale kama si Yarelis, kizibao kimemmeza, pua imeungua na jua. Nikajua atatuweka karibu, kwa ajili ya goti la Wilfredo. Akapunga kijibendera: mbele. Tukapita miti. Mbele. Tukapita kituo cha kile kigari kinachobeba wageni. Mbele tu, mpaka mstari wa mwisho kando ya uzio, ambako hakuna gari wala mtu.

"Huyu anatupeleka Tampa," Wilfredo akasema.

Yarelis akaja kwa miguu, akainama dirishani, uso mkavu kabisa. "Nafasi iliyobaki ni hii, Mama Mdogo."

"Na goti langu?" Wilfredo akalia.

"Goti nimeshaliitia kigari, Baba Mdogo. Mama Mdogo atatembea."

Kisha akacheka, kicheko chako kile cha kufunga macho. Nikamshika mkono, nikamwambia nimekuja kuandika kumi kwa kila kitu. Akatikisa kichwa.

"Usiwape. Kasuku bado mdomo wazi. Ukitaka kunipa kitu, mwambie Mami. Nikimwambia mimi ataona najitetea. Mambo ya kazi nitangoja hiyo Septemba. Mami siwezi kumngoja mpaka Septemba."

Nilitembea njia nzima ile, viatu vikinata kwenye lami, na sikutamani kivuli.

Basi, dada, nimekuambia. Hutoka kazini saa kumi jioni. Mpigie, tafadhali. Usimuulize lolote, mwambie tu kwamba umejua. Mimi nikasirikie kwa muda utakao, hata simu yangu usiipokee, nitaelewa. Lakini yake ipokee.

Nisalimie shemeji Efraín, na mama mkubwa Providencia, umwambie bado namwombea macho yake. Carmín nitamweleza mwenyewe, uso kwa uso. Wilfredo anawasalimu, na goti lake pia. Mama Bikira awafunike na vazi lake, nyumba yenu isipungukiwe na mkate wala amani.

Ni mimi nikupendaye, hata leo ninapoona haya kulisema,

Nereida