Pomade ya Chunusi na Shati Yako ya Bluu

Kamina, kambini, Alhamisi

Baba Monga, mume wangu,

Sisi tuko salama. Monga ameota jino, na mihogo uliyopanda nyuma ya nyumba imeshika vizuri.

Mimi nimeota chunusi uso mzima, kama msichana wa shule. Muuguzi alinipa dawa ya kupaka, pomade ya peroxyde de benzoyle, akasema: "Upake kidogo tu mangaribi, mbele ya kulala. Iko inakausha ngozi, usiogope. Lakini chunga nguo, inakulaka rangi." Kisha akauliza: "Mama, weye unalalaka?" Nikacheka tu.

Sikumwambia kwamba ninalala na shati yako ya bluu usoni. Sasa ina madoa meupe kola nzima. Unisamehe. Chunusi zinakauka, lakini usingizi hauji.

Simu yako haiiti tangu walipowapeleka vitani mashariki, ndiyo maana ninampa barua hii askari anayekuja huko.

Jana padri wa jeshi, yule anayeleta habari za vifo, aliingia kwenye mstari wetu wa nyumba. Nilifunga mlango, nikamkumbatia Monga, nikasikiliza viatu vya padri. Vilipita kwetu. Akabisha kwa jirani, Mama Tshiala. Mimi nikamshukuru Mungu kwa sauti, Baba Monga, nikicheka na machozi. Halafu nikamsikia mwenzangu akilia: "Yo, mama! Bwana yangu!"

Nimeshinda naye leo. Ameshika mkono wangu, ananiita dada, na mimi siwezi kumtazama machoni.

Tafuta mwenye simu yoyote. Sema neno moja tu, nisikie ni wewe.

Bibi yako anayekungoja,
Ndaya