Utomvu wa Mgomba wa Cucu

Mukurweini,
8 Juni 2025

Kwa shangazi yangu mpendwa, Tata Wamucii,

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: kila asubuhi, kabla wengine hawajaamka, mimi huenda nyuma ya jikoni, nikakata jani la mgomba na kujipaka utomvu wake.

Nisamehe kwa kuanza hivyo kabla ya salamu. Nilijua nikianza na salamu nitaishia hapo hapo. Hujambo, Tata? Kifua chako kinaendeleaje na hiyo baridi ya Timau? Sisi tu wazima. Ng'ombe amezaa ndama jike. Mama yako, Cucu, hajambo, bado anavaa soksi zake nene na mikono mirefu hata jua likiwaka.

Nikiwa kidato cha tatu nilipata alama nyeupe kwenye kifundo cha mkono, ndogo kama punje ya mahindi. Sasa iko vidoleni, shingoni na pembeni mwa mdomo. Haiumi wala haiwashi. Shuleni nilijificha ndani ya sweta, lakini vidole havina sweta. Siku moja nikimsaidia Baba kukata ndizi za soko, niliona utomvu ukinikauka mkononi. Hutoka kama maji, kisha hugeuka kahawia, na sabuni haiuwezi. Nikapaka pale peupe. Tata, palipotea! Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Shida ni kwamba hubanduka vipande vipande, kwa hivyo kila Jumamosi najisugua kwa jiwe ili nianze upya. Wiki jana Theuri, yule anayenunua ndizi zetu, alisema mbele ya watu, "We Wakiuru, ati siku hizi unatengeneza magari? Hiyo mikono ni ya fundi!" Wakacheka. Mimi pia nikacheka.

Nimeitwa chuo cha uuguzi, tarehe moja Septemba. Kuna fomu ya afya, na daktari lazima akuangalie mwili mzima ndipo aijaze. Nafikiri nitamwambia Baba sitaki uuguzi tena. Ni mgonjwa gani atakubali kushikwa na mikono hii?

Nakuandikia barua kwa sababu simu ni ya Mama na ujumbe wake husomwa na nyumba nzima. Tafadhali usimwambie mtu.

Mtoto wako,
Wakiuru

Timau,
17 Juni 2025

Maitu,

Wewe umepewa jina la mama yangu, ndiyo maana nakuita mama, kwa hivyo hata nikikugombeza lazima nikugombeze kwa heshima. Salamu nyingi. Kifua changu kiko sawa, ni magoti tu yananilalamikia.

Barua yako ilinipata kazini, tukifunga maua ya waridi. Niliisoma nimesimama, msimamizi akaniuliza, "Wamucii, kwani umefiwa?" Nikamwambia hapana, nimeandikiwa na mama yangu. Aliniangalia sana, maana anajua mama yangu hajui kuandika.

Sasa sikia. Acha huo utomvu leo, na hilo jiwe ulitupe mtoni. Usimwambie Baba lolote kuhusu chuo. Alhamisi ya tarehe 26 niko na mapumziko. Kuna kliniki ya ngozi Nyeri, msichana mmoja wa hapa kazini alitibiwa huko. Tukutane hapo mlangoni saa tatu asubuhi. Vaa sweta ukitaka, lakini chini ya sweta uje vile ulivyo.

Kuna jambo lingine, na si langu kulisema, niliapa nikiwa mtoto. Siku moja mwombe Cucu umwoshe miguu. Basi. Sijasema kitu.

Tata yako,
Wamucii

Mukurweini,
2 Julai 2025

Kwa Tata,

Natumai ulifika salama na magoti yamepoa. Mama anashukuru kwa viazi.

Siku ile nilikuomba unisubiri kwenye benchi, na nilipotoka macho yangu yalikuwa mekundu. Hukuniuliza. Ulininunulia chai na mandazi tu. Asante, Tata. Sasa naweza kukueleza.

Daktari Safa ni mpole, hata mikono yake ina joto. Alizima taa, akanimulika kwa taa nyingine ya rangi ya zambarau, na mabaka yote yakang'aa, hata yale ambayo sikuwa nimeyaona. Nililia. Akanipa karatasi ya kujipangusa, akangoja.

Alisema ugonjwa huu unaitwa vitiligo. Ndani ya ngozi kuna seli zinazotengeneza rangi, na kinga ya mwili wangu imezikosea, inazipiga ikidhani ni adui. Hauambukizi. Si laana, wala si uchafu. Nilipomwambia kuhusu utomvu hakucheka. Lakini niliposema jiwe, alifunga macho kidogo. Alisema ngozi kama yangu ikikwaruzwa, baka hufuata mkwaruzo. Tata, nilikuwa nikijiongezea mwenyewe kila Jumamosi!

Nina dawa ya kupaka na mafuta ya kuzuia jua, na mara mbili kwa wiki naenda kusimama mbele ya taa za matibabu. Rangi ikirudi, huanzia kwenye vinyweleo, nukta moja moja. Shingo inaweza kurudi, na mdomoni tungoje tuone. Vidoleni alinionya nisitarajie sana, kwa sababu ncha za vidole hazina vinyweleo, rangi haina mlango wa kutokea.

Kisha akachukua fomu ya chuo. Nikamuuliza, "Utaandika nini?" Akasema, "Nitaandika ukweli. Una afya njema." Akatia sahihi. Mama nimemwambia. Alinishika vidole hivi, akavishikilia mpaka chai ikapoa.

Lakini fomu bado iko chini ya godoro. Daktari anasema nina afya, na mimi nawaza mgonjwa atasema nini. Na Cucu bado sijamwomba. Naogopa.

Mtoto wako,
Wakiuru

Timau,
10 Agosti 2025

Maitu,

Hujambo? Wiki tano bila barua. Nilimpigia Baba yako, akasema "wako sawa," na unajua kaka yangu, hata nyumba ikiungua atasema wako sawa.

Sikuulizi kitu. Nimekununulia viatu vyeusi vya uuguzi. Kama huendi, nitavivaa mimi, ingawa vitanibana.

Tata yako

Mukurweini,
23 Agosti 2025

Kwa Tata mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta mzima. Nisamehe kwa kunyamaza. Usivivae viatu.

Jumamosi iliyopita nilipasha maji, nikampelekea Cucu beseni. Nikamwambia, "Cucu, nataka kukuosha miguu." Akalitazama lile beseni. Kisha akasema, "Ni Wamucii, sivyo? Huyo mtoto hajawahi kufunga mdomo."

Alivua soksi mwenyewe. Tata, miguu yake ni myeupe hadi magotini. Akapandisha mikono ya gauni, na huko pia, kutoka kwenye vifundo hadi viwiko. Nilimwosha taratibu, bila kusugua. Nikamwonyesha vidole vyangu.

"Nilijua," akasema. "Kila asubuhi nilikuona ukikata jani. Unafikiri huo mgomba wa nyuma ya jikoni niliupanda kwa sababu gani? Ndizi zake hata si tamu."

Kumbe alijipaka utomvu ule ule tangu kabla hujazaliwa. Alianza wanawake wenzake walipokataa kuchambua kahawa karibu naye. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akafuta macho kwa kilemba. "Nilifikiri nilikupa huu ugonjwa pamoja na jina langu. Ningekuangalia vipi?"

Nikamweleza yote ya Daktari Safa: seli, kinga, vinyweleo. Nikamwambia ugonjwa huu unaweza kupita katika ukoo, lakini hakuna aliyemkosea mwenzake. Akanifanya nirudie mara mbili ile ya kwamba si laana. Shingoni nina nukta tano za kahawia sasa, na amezihesabu kwa kidole. Kisha akanyoosha ule mguu mwingine, akasema, "Haya, nesi, endelea. Maji yanapoa."

Nilitoa fomu chini ya godoro jioni hiyo hiyo. Jumatatu ya tarehe moja nitakuwa chuoni, mikono yangu vile ilivyo.

Leo Cucu ameniita chumbani, akafunga mlango. Amenipa gauni lake la buluu la kanisa na mkasi, nilikate mikono iishie kwenye kiwiko. Nimeshalipinda na kulishona. Kesho ni Jumapili. Tata, Baba hajui, Mama hajui, hata kasisi hajui. Cucu anataka kuingia kanisani mwenyewe, polepole, akiwa amenishika mkono. Tafadhali usimwambie mtu.

Mtoto wako, na mama yako,
Wakiuru