Macho Kwenye Nazi

Kwako Baba, mkwezi mstaafu,

Shikamoo. Najua umeshaitikia kabla Mwalimu wa madrasa hajamaliza kulisoma neno lenyewe, maana wewe salamu huiachi ikae. Mimi mzima, Mama mzima. Anakusalimu kwa mdomo wa pembeni, na amesema mke mwenzie huko visiwani aambiwe kwamba mumewe hapendi samaki aliyekaangwa mara mbili. Nimefikisha. Yasiwe yangu.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yako naipigia wiki nzima haipatikani. Mtu wa boti ya Nyamisati kaniambia huko kwenu mtandao unashikika juu ya mnazi tu, na magoti yako ndiyo hayo. Basi haya. Wewe unasoma Kiarabu, hizi herufi zangu utasomewa, na watakaokaa kusikiliza ni nusu ya kijiji, nawajua. Kwa hiyo barua hii ni ya wazi hata kabla sijaifunga. Mwalimu, nikijisifu usiruke, hapo ndipo penye utamu.

Na haki ya kujisifu ninayo. Hapa Kibiti fundi simu wa kunifikia hajazaliwa. Niliishia kidato cha pili, ndiyo, lakini wenye vyeti vyao wananipangia foleni. Simu iliyotumbukia kisimani nimeifufua. Iliyokanyagwa na ng'ombe nimeifufua, mwenyewe akalia machozi, na ng'ombe nadhani alisikitika. Kijiweni wananiita Daktari. Kazi ya mikono nilifundishwa na fundi mmoja wa Ikwiriri, kila mtu anajua. Kuna kingine nilichofundishwa na wewe, na hicho sijawahi kukwambia, kwa sababu tukikaa pamoja mimi na wewe kazi yetu kutaniana tu.

Unaikumbuka siku ya kwanza uliponifunga kitanzi miguuni, kule Mahege? Nilikuwa na miaka kumi na moja, mbavu kama dema la kuvulia samaki. Kabla hujaniruhusu kuugusa mnazi ukasema, "Piga kelele kwanza."

Nikakuuliza, "Za nini? Nazi zitakimbia?"

Hukucheka. Ukaweka viganja mdomoni ukaita, "Mkwezi huyooo! Mkwezi anapanda!" Ukangoja. Nikasikia nyua za watu zinajibu kwa namna yake: kata ya maji inawekwa chini, khanga inavutwa kwenye kamba, mlango wa makuti unarudishiwa. Bafu zetu hazina paa, na mtu akiwa kileleni anaziona zote kama anavyoona chungu kisicho na kifuniko. Ukaita mara ya pili na ya tatu, ndipo ukaniambia, "Sasa panda. Na ukifika juu, macho kwenye nazi."

Nikaona mambo ya kizee. Wakati ule mtu wangu alikuwa Mjomba, kaka yake Mama, yule utingo wa lori asiyevua miwani ya jua hata akiwa anatawadha. Mjomba akirudi safari alikuwa na habari ya kila nyumba iliyoko njiani. Watu wanamzunguka, wanamnunulia chai, wanamwambia rudia pale. Wewe umeshinda juu ya vichwa vya watu miaka ishirini, lakini ukirudi nyumbani Mama akikuuliza kuna habari gani, unajibu, "Nazi mwaka huu ndogo." Nilikuonea huruma, Baba. Nilisema moyoni, masikini mzee wangu, hana stori.

Ndipo ikaja ile Ramadhani. Wewe ulikuwa shamba, mimi nikachukua kitanzi nikaenda kupanda peke yangu kwa jirani yetu Mzee Shamte, yule aliyekuwa akitukemea sisi watoto tukionekana tunatafuna chochote mchana. Sikuita. Nilitaka kuona kama naweza kupanda kimya kama tumbili, na kweli niliweza. Nilipofika juu nikatazama chini, namwona Mzee Shamte amechuchumaa bafuni, saa nane ya mchana, anakula muhogo wa jana.

Nilishuka bila nazi hata moja. Jua halijazama, kijiwe kizima kilishajua, na mimi habari nilikuwa nimeiunga kwa nazi mbili: muhogo ukapata na paja la kuku. Kesho yake watoto wakawa wanampita mzee wa watu wanatafuna hewa. Akaacha kuja msikitini. Tarawehe zote zilizobaki, nafasi yake safu ya kwanza ilikuwa wazi, watu wanaikwepa kama pana maji.

Ulipopata habari hukunipiga. Ningeona afadhali ungenipiga. Ulinishika mkono tukaenda kwake, akatoka mkewe na pakiti ya vidonge. "Ana vidonda vya tumbo," akasema. "Daktari kamkataza kufunga. Alikuwa anaona haya kuwaambia."

Ukaniinamia. "Umeuona muhogo. Vidonge hukuviona?"

Halafu ukanipeleka barazani msikitini, wazee wamejaa, na mimi nimeshajua leo natajwa. Ukasema, "Aliyepanda bila kuita ni mimi. Mtoto alinisikia nikisimulia nyumbani." Nikafungua mdomo, ukaniminya bega mpaka nikaufunga. Ulisema uongo na wewe umefunga, Baba. Hiyo ni yako na Mola, mimi simo.

Msimu ule hakuna aliyekuita. Watu wote wakaenda kutafuta mkwezi mwingine kule Bungu. Wewe ukaingia bondeni kwenye mpunga kuamia ndege wasiule, ukashika jembe, na ile mikono migumu kama gome ikatoka malengelenge kama ya mwanafunzi. Nikamwuliza Mama kwa nini hukunitaja. Mama alikuwa anapepeta mchele, hata hakuinua kichwa. "Angekutaja ungeitwa mmbea mpaka unazeeka. Yeye ameshazeeka."

Ikapita miezi, hadi asubuhi Mzee Shamte alipokuja mwenyewe mlangoni, amekonda, mkongojo mkononi. "Mkwezi," akasema, "nazi zangu zitaniua. Njoo." Ukachukua kitanzi ukaenda.

Haya, sasa ya leo.

Simu, Baba, ni bafu isiyo na paa. Mtu anakuletea kioo kimepasuka. Ukiweka kipya lazima uwashe ujaribu, na ukiwasha tu, maisha yake yanaanza kuingia yenyewe, picha hizi, meseji hizi, sauti ya mtu analia. Wala huwezi kumpigia kelele ajifunike. Nimeyaona ya Kibiti hii, ningekuwa Mjomba ningekunywa chai ya bure mpaka kufa.

Wiki iliyopita alinijia mwenye fremu ya duka ninayopanga. Hili si siri, alilipayuka mwenyewe mbele ya kijiwe. Mtu wa nyumbani kwake alikuwa ameniletea simu. Mtu gani, sisemi. Mzee akavuta kigoda.

"Fundi, ile simu uliiwasha?"

"Niliiwasha, mzee. Bila hivyo sijui kama kioo kimeshika."

"Ukaona nini?"

"Kioo."

"Usinichezee, kijana. Nani anamwandikia?"

"Mzee wangu, mimi fundi wa vioo. Mambo ya nyumbani si yupo mjumbe?"

Kijiwe kikacheka, na hilo ndilo lililomuudhi. Akasimama. "Fremu hii ya nani?"

"Yako, mzee."

"Basi mpaka Ijumaa. Uniambie ulichokiona, au unipe ufunguo."

Sitakuongopea kwamba nilijibu kishujaa. Mdomo uliniwasha. Nilichokiona ningekisimulia vizuri mno, na fremu ingebaki yangu, ile niliyoihangaikia miaka mitatu, yenye umeme wake na mlango wa chuma na jina langu nimeliandika kwa rangi nyekundu. Kutwa ile nilipasua vioo viwili vya watu. Nikawa nawaza, nikimwambia huyu, kesho jioni kuna mtu anatupwa nje na nguo zake, na mimi nimekaa kivulini nabadilisha betri. Na huenda kuna vidonge sikuviona. Mimi nimesoma meseji mbili, si maisha ya mtu. Nikajikuta nashika bega langu mwenyewe.

Ijumaa baada ya swala nikampelekea ufunguo. Akanitazama. "Kwa hiyo umechagua?"

"Nimechagua, mzee. Ahsante kwa kivuli."

Leo siku ya nne nipo barabarani na meza, mwavuli umetoboka, pembeni ya mshona viatu. Umeme naazima kwa mama wa chipsi. Mvua ikitishia nazikusanya simu za watu kwenye beseni nakimbia. Wenzangu wananiambia mjinga, na siku nyingine nakubaliana nao kabisa. Jana nilipata wateja wawili, mmoja alikuwa anaulizia gari la Utete. Naogopa, Baba, nikuambie tu. Lakini nilipokuwa nabeba ile meza nilijisikia mrefu, sijui kama nawe ulijisikia hivyo siku ile unashuka bondeni na jembe. Nilikuona mjinga miaka yote ile. Nisamehe.

Mpunga ukishavunwa nitakuja huko, nikukande hayo magoti na unionyeshe hao samaki.

Na kwa kuwa nakujua ulivyo mtu wa utani, utamtuma mtu wa boti aje kunivizia, "Mzee anauliza, hivi kweli uliona nini?" Asijisumbue. Niliona kioo, kilikuwa kimepasuka kona ya kushoto. Nikaweka kipya. Kimeshika vizuri.

Ukae salama.

Mwanao,
fundi wa vioo