Baraka Base mbele ya kanisa

Rehema, usicheke. Ao cheka tu, kanisa yote ilishacheka.

Unajua Ijumaa balikata kontra yangu ya kazi ku biro. Miaka kumi na ine naongea na bashofere mu radio, jina yangu mule ni Baraka Base, na mi sikulia hata kidogo. Nilipika sombe, nikalala.

Sasa leo pastere ananiita mbele aniombee. Ananipatia mikro ya kusemea mu mukono: "Mama Ketsia, Mungu anakuita. Unamusikia?"

Mikro, Rehema! Mu mukono! Kidole yangu ikaanza yenyewe kutafuta buto ya kufinya, sawa ku radio. Nikajibu kwa nguvu: "Hapa Baraka Base. Nakusikia muzuri. Ongea!"

Nilimuambia Mungu "Ongea"!!! Mbele ya bamama benye banaimbaga mu korali!

Pastere alicheka mpaka akashika kiti.

Kisha Patrice, ule shofere mwenye anapandaga milima ya Minembwe, akasimama kule nyuma, akaniita sawa mu radio: "Baraka Base, hapa Mobile Tano. Uko wapi?"

Rehema, miaka yote ile, ni miye nilikuwa nabauliza ile swali.

Hapo njo nikalia. Nikamujibu: "Mobile Tano, niko panne, gari imekufa mu njia. Lakini haikupinduka."