Betri Inayoonekana Kujaa Huku Inakwisha

Mpendwa mshauri Mama Rehemah, naomba msaada wako kabla sijaandika jina langu mahali ambapo sitaweza kulifuta.

Mimi ni Jamilah wa Mvara, Arua, natengeneza programu za kompyuta na mjomba wangu Nasur, aliyenilea na kunifundisha kazi hii, na yeye ndiye aliyeandika draiva, yaani ile programu ndogo inayoiambia kompyuta hali ya betri, kwa ajili ya betri ya sola ya friji ya chanjo kwenye zahanati moja nje ya Koboko. Sasa mama, watu wa kernel ya Linux, yaani kile kiini cha mfumo unaoendesha kompyuta, wana kanuni kwamba umeme ukiingia kwenye betri namba iwe chanya, ukitoka iwe hasi, lakini kipimo kilichomo ndani ya betri hii huhesabu kinyume, na mjomba hakukigeuza, badala yake akamfundisha muuguzi Pasca kusoma kinyume, naye akazoea, mpaka juzi mvua ilipofunga mchana kutwa na muuguzi mgeni, Nora, akaona namba chanya akatulia akijua betri inajaa, kumbe inakwisha, na kama Pasca asingepita akakimbia kuwasha jenereta chanjo zote zingeharibika. Pasca ni mjamzito, karibu anaenda likizo ya uzazi.

Nilipomwambia mjomba alisema, "Wacha hiyo maneno, Jamilah. Pasca iko najua. Ukigeuza sasa, yeye ndio atapotea." Na hapo ana ukweli, ndiyo maana sina raha, nikigeuza nampoteza Pasca, nikiacha nampoteza Nora, na sasa mjomba anataka kuipeleka draiva kwa wakuu wa kernel itumiwe na watu wote, na kwa desturi yao anatafuta mtu wa pili aandike jina kwamba ameikagua, anataka liwe langu. Nitamkataliaje aliyenilea?

Mama Rehemah anajibu:

Pole, mwanangu. Kumkatalia aliyekulisha kunauma, na sitakudanganya kwamba hakuumi. Lakini barua yako imemlilia mjomba kuliko watoto wa Koboko, na kwa hilo nakugombeza.

Mjomba anasema ukigeuza Pasca atapotea. Ndiyo, ukigeuza kimyakimya! Nani kakwambia unyamaze? Kosa lirekebishwe ndani ya draiva, si kichwani mwa muuguzi, maana kichwa cha Pasca kinaenda naye likizo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na draiva hii ikishasambaa kila zahanati itahitaji Pasca wake.

Mfuate mjomba nyumbani baada ya swala, si kazini mbele ya wateja. Mwambie kwa adabu kwamba huandiki jina mpaka alama igeuzwe. Kisha nendeni Koboko pamoja mkaiweke draiva iliyorekebishwa, na aeleze yeye, kwa kuwa Pasca alifundishwa naye. Jenereta iwe tayari. Chomoeni waya wa sola mbele ya wauguzi wote wawili, waone hasi. Rudisheni, waone chanya. Pasca arudie mwenyewe mpaka mazoea ya zamani yamtoke.

Mjomba akinuna, mpikie, mtapatana. Akikataa kabisa, usiandike jina. Mama anayembeba mwanawe kwa miguu hadi zahanati hamjui Nasur wala Jamilah. Atamshika mtoto mkono achomwe sindano, akiamini dawa ni nzima.