Mkate wa Nanasi kwa Mama Mkwe

Makindye, Jumapili

Eti nimemvunjia mama yake heshima! Mume wangu amenuna mpaka sasa. Mimi Mkenya, ni nani aliyewahi kuniambia kwamba kwa Waganda wa zamani mayai yalikuwa mwiko kwa wanawake?

Nilichovya mkate kwenye mayai na maziwa, nikaukaanga, nikaumwagia nanasi nililolipika kwa sukari. Mama mkwe akala, akaongeza. Mume wangu akanivuta jikoni, akanifokea kwa kunong'ona kana kwamba nimetia sumu. Na mdomo wake umejaa mkate huohuo!

Nikamsindikiza mama barabarani. Nimwambie? Nisimwambie?

Alipokwisha kupanda boda, akaniinamia sikioni: "Mwana wangu, siku ingine weka mayai mingi. Lakini huyu mtoto wangu usimwambie."